Msasa wa Noelene
Alumini ikishasuguliwa hutaka rangi ya msingi siku hiyo hiyo, la sivyo hujivika utando na rangi yote hubanduka. Clem wa Karumba, mji wa wavuvi kaskazini mwa Australia, alilijua hilo. Hata hivyo alikuwa ameisugua boti yake kuukuu mara mbili, na mara zote mbili majirani waliegemea uzio, bia mkononi, wakampigisha soga hadi jua likazama. Naye alikuwa amemwahidi mkewe, Noelene, kwamba Jumapili wataingia mtoni kuvua.

Hakuna uvivu unaoheshimika kama ule wa kutoa ushauri.

"Hiyo brashi ndogo, bwana," alisema jirani Trevor uzioni, Clem aliposugua kwa mara ya tatu.

"Si nilimwambia anunue rola?" akadakia Keith, jirani mwingine.

Noelene akatoka na vipande vya msasa, akamkabidhi kila mmoja chake. "Semeni tu, jamani, sijawakataza. Ila mikono isugue."

Trevor akakumbuka kuwa mbwa wake hajala. Keith naye akamkumbuka mbwa wa Trevor.

Nusu ya boti ikapata rangi kabla kimya hakijamshinda Clem. Akanyata kuelekea uzioni kwa Trevor, amsimulie kazi inavyokwenda.

Noelene alikuwa ameshatangulia pale, akimnyooshea kipande cha mwisho cha msasa.