Mukono ya Nani

Nilikuwa nafula nguo ya masomo ya mujukuu yangu, shimizi nyeupe na jupe, sketi ya bulu, nikaingiza kidole mu mufuko. Nikatosha kasashe katupu, kafuko kadogo ka plastiki ka pombe kali, tule tunapitiaka ku mupaka ya Kasumbalesa pamoja na sabuni na biskuti. Nikanusa, pombe bado inanuka. Mutoto ya primere, bado namufungaka kamba ya viatu! Nikamuita. Akaniambia wenzake ndio balimupatia, eti akikataa hatacheza tena nabo.

Ile harufu, rafiki yangu, ilinivuta mpaka kule kambi ya bafanya kazi ya mine, mugodi ya shaba, kwenye nilikomalia. Nyumba za matofali zilipangwa mustari, na asubuhi mungurumo ya mashini iliamsha hata kuku. Kambo, mama ya mama yangu, alikuwa anapika munkoyo. Uji ya bunga ya mahindi inapoa, anatwanga mizizi, anaingiza ndani, anafunika na kitambaa. Kesho yake iko tamu, batoto tunakunywa mpaka matumbo inalia. Siku zikipita inachachuka, hapo kambo anasogeza mutungi nyuma ya mulango. Hakukuwa kufuli. Kulikuwa macho yake.

Ngambo ya lupango yetu, mama jirani alikuwa anatonesha lutuku, pombe kali ya mahindi, mu pipa ya zamani ya mafuta. Mahindi yenye kuoza, inzi, na babaume banalala mu mufereji, bamejikojolea. Nasema bila haya, kwani nilibaruka kila siku nikienda masomo, nikiziba pua.

Binti ya ule jirani nilikuwa nakaa naye banki moja mu kalasi. Wakati ya rekreasio, saa ya kupumzika na kucheza, kila muntu alileta munkoyo ya kwabo, tunagawana. Siku moja yeye alimwanga lutuku ya mama yake mu chupa ya munkoyo, juu uchachu ya munkoyo inaficha harufu. Bakanipatia kopo. Mudomo ikaungua. Munkoyo ya kambo haiunguzaka muntu! Nikatema pale pale juu ya viatu vya mutoto mwenye alikuwa mukubwa wabo. Bakanicheka, ule mukubwa akasema:

"Angalieni huyu mutoto ya kambo. Enda ukanyonye."

Nikaenda zangu, masikio inawaka. Bengine balikunywa, juu hakuna mwenye alitaka kuitwa vile. Tulipoingia mu kalasi, binti ya jirani akaanguka juu ya banki, akatapika, macho ikabaki nyeupe. Mwalimu akamubeba ku mugongo, akakimbia naye ku dispanseri. Tulibaki tukiangalia ile matapishi, na inzi imeshafika.

Alipona. Kesho yake mwalimu hakushika fimbo. Alisimamisha kopo tupu juu ya meza, akauliza nani alikunywa. Huyu akasema alisukumwa, yule akasema alipatiwa.

"Kopo iliruka yenyewe mpaka ku mudomo?" mwalimu akauliza. "Mukono ya nani?"

Hakuna mwenye alitoka mpaka aseme kwa kinywa chake: mukono yangu. Hata binti ya jirani alisema, sauti kama ya kifaranga. Na magaribi ile, bamama ya mustari yetu, kambo mbele, balienda kwa jirani bila kuitwa na muntu. Bamoja balishika upande huu wa pipa, bengine upande ule, bakaipindula. Kambi ilinuka vibaya, lakini ilikuwa harufu ya kazi.

Na mimi, na kasashe mu mukono, nikamuuliza mujukuu yangu vile vile. Aliangalia vidole vyake sana.

"Yangu, kambo."

Kesho yake nikamupeleka mpaka ku mulango ya masomo. Mwenye kuuza zile sashe alikuwa pale, amezipanga juu ya meza pembeni ya bombo, pipi za batoto. Nikamuuliza kama haoni haya kuuzia batoto sumu.

"Mama, mutoto mwenyewe aliomba. Mi sikumuita," akanijibu, anatafuna.

Nikageuka kutafuta bamama ba kupindula na miye ile meza. Balikuwa banapita, telefone ku sikio, mumoja akaniambia niachane nayo, haiko mutoto yangu mwenye anauza. Zamani kila mutoto alikuwa wa mustari yote. Leo kila mama anaziba mulango yake, na pombe inaingilia ku dirisha.

Wenzake na mujukuu yangu bakaanza kumuita aende kucheza nabo, bakimucheka. Mi nikashika pembe ya meza. Meza ni nzito, na miye nimezeeka, haikutingishika.

Pembe ingine ikashikwa na mukono mudogo. Sikuuliza ya nani.