Nilivyompiga mkimbizi picha kwenye bustani ya jumba, mumewe akamkataa

Wakuu, heshima mbele. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Kigoma. Atakayeona najisifu popote anikanye, maana sina cha kujisifia.

Miaka ile Warundi wanavuka ziwa kwa wingi, mimi nilikuwa mpiga picha. Kijiwe changu kilikuwa bustani ya jumba moja la kale, jina sitaji. Mjerumani alilijenga, Mbelgiji akalirithi, Mwingereza akapanda mawaridi, na sisi tukaunda kamati ya kulinda mawaridi. Huo ndio mchango wetu kwenye historia.

Ila raha ilikuwepo, nisiwe mnafiki. Jumapili watu wa mtaa wa Mwanga wanajaa, maharusi wanagombea ngazi za jumba, wazee wa Ujiji wanashushia kahawa chungu kivulini. Unakula dagaa wa kukaanga na upepo wa ziwa unakupuliza bure.

Sharti la kamati: peku haingii. Watu wamekimbia risasi, sisi tunawauliza viatu!

Siku moja akaja mama wa Kirundi na watoto wawili. Aliitwa Mama Spesi. Alipotezana na mumewe Kagunga, kule mpakani, boti ilijaa, mume akabaki ng'ambo ya umati.

Akaniambia, "Kaka, nipige picha. Umugabo wanje, mume wangu, aione, ajue tuko hai."

Alitaka nimpige pale pale barabarani. Mimi mjuaji nikakataa. Picha gani hiyo ya vumbi?

Nilikuwa na begi la nguo za wateja, kama wapiga picha wote wa enzi hizo. Nikamvika gauni la satini, hereni na viatu vya mchuchumio. Watoto nikawapa makoti. Mlinzi akaona viatu, akafungua geti. Nikawapanga mbele ya mawaridi, jumba lote nyuma yao.

Wakuu, ilitoka picha ya kalenda. Nikampa mwenye boti mmoja wa Kibirizi aipeleke Kagunga.

Baada ya wiki karudi, hanitazami usoni.

"Jamaa nimempata," akasema. "Kaiangalia weee, kisha kasema aliyepata jumba abaki na jumba lake. Nikamwambia sivyo, hasikii. Na picha hajarudisha."

Nilimpelekea Mama Spesi habari hiyo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wewe ulipiga picha ya bustani yako," akasema. "Mimi ulinisimamisha tu."

Bwege ni bwege hata akiwa na kamera shingoni.

Safari hii akachagua yeye. Nje ya ukuta, kando ya mtaro, miguu peku, kitenge chake kilichochanika, sufuria lao jeusi chini. Mlinzi akatoka kutufukuza, eti tunaharibu sura ya geti. Nilimtukana tusi ambalo mods watalifuta.

Mwenye boti akaipeleka. Siku zikapita, Mama Spesi anakuja kila asubuhi kukaa kando ya ule mtaro. Wakimbizi waliambiwa mabasi ya kwenda kambini yanakuja wiki hiyo hiyo. Nilikosa hamu hata ya dagaa.

Basi siku moja kabla ya mabasi akatokea mwanaume mwembamba, picha ya pili mkononi, anakagua ukuta. Mtoto mdogo ndiye aliyemwona kwanza. Wakuu, nililia mbele za watu.

Wakati wanaondoka yule mume alinipa mkono, akatoa na ile picha ya kwanza mfukoni. Kumbe hakuitupa hata alipokasirika. Ila alikuwa ameikata kwa wembe: jumba hakuna, ngazi hakuna, mawaridi yetu hakuna. Zimebaki sura tatu tu.

Nilichojifunza: mtu akikuambia umpige alivyo, mpige alivyo. Shida ya mwenzio si mteja wa begi lako.

Haya, mlioishi Kigoma miaka ile shusheni yenu. Na kama kuna mwanakamati humu, ajibu: yale mawaridi yamemsaidia nani?