Nzuri, Ila

Kazi yangu ni kuwaratibia huduma wagonjwa wa kipato cha chini, na neno ninalolisubiri kuliko yote ni "ila". Mtu wetu wa Kiswahili ukimuuliza hali haanzi na shida. Atasema nzuri, atamshukuru Mungu, atakuuliza na wewe habari za nyumbani, ndipo aseme, "Ila mguu huu tangu jana siwezi kuukanyagia." Wenzangu wa kliniki, hapa katikati ya Toronto, huandika "nzuri" wakafunga faili. Mimi hunyamaza nikasubiri.

Ijumaa ile sikusubiri.

Mama mmoja Mkongomani, mkazi wa ghorofa ya kumi na saba mtaani St. James Town, alikuwa na kifafa, na vidonge vyake vilikuwa vimebaki viwili. Jumatatu ilikuwa sikukuu, kwa hiyo ofisi zingefunguliwa Jumanne. Alikuwa na bima mbili, zote za serikali, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ya shirikisho alipewa alipoomba ukimbizi. Ya jimbo ilikuja baada ya ombi lake kukubaliwa. Mfamasia akiingiza dawa kwenye kompyuta, ya shirikisho inasema ya jimbo ianze. Ya jimbo inasema dawa hiyo haina kibali, ijaribiwe ya shirikisho. Angekuwa na bima moja tu, angekuwa ameshapewa dawa. Vidonge vya dharura alikwisha kupewa wiki iliyotangulia, na mfamasia hakuwa na ruhusa ya kurudia.

Nilikuwa nimepigwa danadana tangu asubuhi, nami ni mtu wa kuwaka upesi. Saa kumi kasorobo nikampata afisa wa vibali wa jimbo. Ofisi yao ingefungwa saa kumi na nusu. Mimi na mama tulikuwa kwenye kaunta ya duka la dawa, chini ya jengo analokaa, na chumba kidogo cha faragha cha duka kilikuwa na mtu anayechomwa sindano ya mafua. Ningeweza kungoja atoke. Niliweka simu kwenye spika, mbele ya foleni.

Afisa alikuwa na sauti ya upole. Alisema anaweza kutoa kibali cha haraka, lakini sharti amsikie mgonjwa mwenyewe, kupitia kwangu. Kwanza, anajisikiaje leo?

"Niko muzuri, aksanti Mungu," mama akasema. "Ila..."

Akageuka. Nyuma yake alisimama mama mwingine wa kanisani kwao, ameshika dawa ya kikohozi, anamtabasamia. Hakumalizia.

"Anasema hajambo," nikatafsiri, maana ndicho kilichosemwa.

"Vizuri. Basi inaweza kungoja Jumanne," afisa akasema.

Nilijua kwa nini amenyamaza. Aliwahi kuniambia, jikoni kwake, kwamba walikotoka watu waliacha kula naye sahani moja kwa kuogopa kifafa chake, na kwamba hapa hakuna anayejua, nami nisimwambie mtu. Kanisani yeye ndiye aliyepika sombe, kisamvu cha kwao, kila sikukuu, na hakuna kitu kilichompa raha kama kuwaona watu wakiongeza. Nilijua yote hayo. Nikaangalia saa ya ukutani.

"Mama, mwambie afisa," nikasema, na sauti yangu ikapanda. "Kifafa kimekuangusha lini mara ya mwisho?"

Katika foleni ile, anayejua Kiswahili alikuwa mmoja tu. Alitosha.

Mama aliinamisha macho kwenye kaunta. "Juzi," akasema. "Ku jiko. Moto ilikuwa inawaka."

Nilitafsiri kila neno. Kibali kilitoka kabla ya saa kumi na robo. Mfamasia alihesabu vidonge vya mwezi mzima, nami kwa furaha nikamkumbatia mama. "Aksanti, dada," akasema, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda kwenye lifti. Yule mwenzake wa kanisani aliiacha lifti hiyo ipande bila yeye, akangoja nyingine.

Nimejitetea sana moyoni. Wikiendi ndefu, ghorofa ya kumi na saba, jiko linawaka, vidonge viwili. Kibali ningekitafuta tena hata leo. Lakini yule wa sindano alitoka chumbani tukiwa bado kwenye simu, akapita mbele yangu anakunjua mkono wa shati, chumba kikabaki wazi. Naona aibu kila nikikumbuka.

Sasa bima zake zimeelewana, na hajaanguka tena. Nimesikia kanisani sombe hupikwa na mtu mwingine. Kila mwezi nampigia kumjulia hali.

"Habari, mama?"

"Muzuri, aksanti Mungu."

Nanyamaza, simu sikioni, nasubiri. Naye ananyamaza, mpaka niage.