Tepu Mama na Kikohozi cha Maalim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Msikivu asiyepotewa na sauti hata ikiwa ndogo kiasi gani. Namshukuru kwa umri alionipa na kwa riziki aliyoniletea kupitia masikio haya mawili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ahali zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nasimulia kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kazi ya kurekodi na kuhariri sauti, kwa manufaa ya vijana wanaoifanya leo kwa kompyuta.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika idara moja ya serikali mjini Tanga, Fundi Mkuu hakunionyesha mashine. Alinionyesha kabati. Ndani zilipangwa tepu, ile mikanda myembamba ya kahawia inayozungushwa kwenye magurudumu. Rafu ya juu ilikuwa na kufuli.

"Hizi za juu ni tepu mama," aliniambia. "Hizi zilikuwepo pale mtu aliposema. Hizi za chini ni nakala. Wembe wako na hizi za chini tu. Umesikia, bwana mdogo?"

"Nimesikia, mzee."

"Nakala ukiikosea, utatengeneza nyingine. Mama ukiikosea, utamwendea mwenyewe aje aseme tena, na huenda usimkute."

Nilisema wembe, na kijana wa leo atashangaa. Kuhariri kulikuwa kukata kwelikweli. Unaisogeza tepu kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka usikie neno linapoanzia. Unatia alama kwa kalamu ya nta. Unailaza tepu kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa mshazari, kisha unaunganisha ncha mbili kwa kipande cha utepe wenye gundi. Ukikata vizuri, msikilizaji hajui kama kulikuwa na kitu pale.

Nikapelekwa Muheza kurekodi mafunzo ya wakulima. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni na sukari tulipanga foleni, na tepu mpya hazikuletwa kabisa. Tulichokirekodi juzi tulikifuta tukarekodi juu yake. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa hana njia nyingine.

"Hii imeshasikika," alikuwa akisema. "Futa, kesho tunapanda milimani, Amani, kurekodi."

Nikafuta. Wazee wa Kibondei walioimba wakichuma machungwa, nimewafuta mimi. Ndivyo mkono ulivyozoea.

Biashara ilipofunguliwa, idara yetu ikapunguzwa watu. Fundi Mkuu akaajiriwa kwenye studio ndogo mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, na akanichukua. Mwenye Studio alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, babu yake alizaliwa hapohapo Tanga. Mbele aliuza vitambaa, nyuma tulirekodi kaswida, mawaidha na taarabu za harusi. Kaseti zikaanza kuingia kutoka Dubai kwa wingi. Tepu za magurudumu, ambazo ndizo tulizorekodia na kuhariria, zilibaki adimu vilevile.

Wakati huo nilitumwa peke yangu Ushongo, upande wa Pangani, kumrekodi Maalim mmoja mzee sana. Alikuwa na chuo, yaani madrasa, na kisomo chake kilijulikana pwani yote. Nilimrekodi palepale chuoni, wanafunzi wameketi mkekani. Maalim alikuwa na kikohozi. Alisoma, akakohoa, akanywa maji, akamkemea mtoto anayesinzia, akafasiri aya kwa Kimtang'ata chake, Kiswahili cha pwani ile, akaendelea. Pembeni aliketi binti yake, Mwanaidi, aliyekuwa akimsaidia kufundisha.

Mwenye Studio aliposikiliza alifurahi, kisha akakunja uso.

"Kisomo, mashallah. Lakini watu wananunua kisomo, bwana, hawanunui kikohozi. Safisha."

Fundi Mkuu akanipa kazi ile. "Lipo gurudumu moja jipya kabatini, nimelificha kwa ajili ya Maalim. Toa nakala, ukate nakala."

Hapa msomaji anielewe vizuri. Katika tepu, kila nakala huongeza mvumo, kama upepo unaopita nyuma ya sauti. Mimi nilijiambia kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayastahili kuvumiwa na upepo wa mashine. Yanastahili kuwafikia watu yakiwa safi kama yalivyotoka kinywani. Kwa hiyo sikuligusa gurudumu jipya. Nilitia udhu, nikaketi, nikaikata tepu mama.

Nilikata kikohozi, nikakata maji, nikakata makemeo na tafsiri. Vipande vile sikuvitupa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya aya alizokatizwa na kikohozi kisha akazirudia, na sisi tumelelewa kwamba karatasi ya msahafu iliyochakaa haitupwi jalalani. Huzikwa, au huzamishwa baharini. Nikaona utepe wenye aya una hukumu hiyohiyo. Nikavitia vyote kwenye mkebe wa maziwa ya unga pamoja na jiwe, nikaazima ngalawa, nikauzamisha mbali na gati. Nilirudi nyumbani moyo umetulia. Nilidhani nimefanya ibada.

Kaseti ile ilienea. Kila duka la Ngamiani lilikuwa nayo, na Ramadhani ilisikika toka Barabara ya Kwanza hadi ya mwisho. Watu walinishika mkono msikitini. "Umemsafisha Maalim, fundi. Utadhani kijana." Nami nilipokea sifa.

Maalim akafariki. Haukupita muda mrefu, Mwanaidi akaja studio na wazee wawili wa Ushongo, pamoja na binamu yake, mpwa wa Maalim, ustadhi aliyerudi kutoka masomoni nje. Tukaamkiana, nikawapa viti.

Mzee mkubwa ndiye aliyesema. "Fundi, tuna jambo. Chuo kimebaki hakina mwenyewe. Huyu mpwa anasema ni chake, mwanamume na amesoma. Huyu binti anasema baba yake alimwachia, na kwamba alitamka siku mliyorekodi. Waliokuwepo, ukijitoa wewe, ni watoto, na watoto hatuwezi kuwasimamisha mashahidi. Tukasema, kama limo kwenye tepu, twende tukalisikie."

"Si ile ya dukani," Mwanaidi akaongeza. "Ile ya asili. Alikohoa, kisha akasema."

Tangu alipotaja kikohozi nilijua. Ningeweza kusema palepale. Badala yake niliipachika tepu kwenye mashine, kana kwamba maneno yangerudi yenyewe.

Maalim akasoma. Sote tukainamisha vichwa.

"Hapa," akasema Mwanaidi. "Sasa hivi atakohoa."

Maalim hakukohoa. Aya ilipita ikaingia aya ya pili, laini kabisa. Kiungo kilikuwa kizuri.

"Mbona hakohoi?" akauliza yule ustadhi, bila kejeli.

Mzee wa pili akanitazama. "Huyu si Maalim. Mimi nimekaa naye safu moja umri wangu wote, alikuwa hamalizi Fatiha bila kukohoa. Mmemfanya nini?"

"Nimekata mimi," nikasema.

"Na ulichokikata kiko wapi?"

"Nimekizamisha baharini."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima, mzee."

Mwenye Studio, aliyekuwa mlangoni, akarudi mbele kwenye vitambaa vyake. Nikawaambia kwamba maneno nimeyasikia mimi mwenyewe, tena mara nyingi, kwa kuwa niliyapitisha mbele na nyuma nikitafuta pa kukata. Maalim alikohoa, akacheka, akasema: "Shika hapo, Mwanaidi. Mimi nikishalala, chuo ni chako, nawe huna kikohozi." Na watoto wakacheka. Nikasema niko tayari kuapa.

Mzee mkubwa akanijibu kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo. "Hatukuiti mwongo, fundi. Lakini tumekuja kumsikiliza Maalim, hatukuja kukusikiliza wewe."

Chuo kikapewa mpwa. Mwanaidi alipokuwa akitoka alisimama kizingitini.

"Lakini wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia, dada yangu."

"Basi nimepata mtu mzima mmoja aliyesikia."

Walipoondoka, Fundi Mkuu alifungua kabati, akalitoa lile gurudumu jipya, likiwa bado kwenye karatasi yake, akaliweka mezani mbele yangu. Hakulizungumzia mpaka anafariki.

Miaka ikaenda, wembe ukaondoka, kompyuta zikaja. Nilibaki studio kuwafundisha vijana. Waliniona mzee wa wasiwasi. Nikiwaambia wasihariri sauti ya asili, walicheka. "Mzee, kompyuta haikati. Inaficha tu. Ukitaka unarudisha."

Ni kweli, programu huacha faili la asili lilivyo na kukumbuka tu umekata wapi. Lakini ukifungua faili lenyewe, ukalisafisha, kisha ukabonyeza kuhifadhi kwa jina lilelile, umeshakata kama nilivyokata mimi, na huna hata mkebe. Na hata huko kurudisha ni mradi unakumbuka faili la asili lilipokaa. Ukilihamisha folda, ukifungua kesho unakuta mistari mitupu isiyo na sauti. Kwa hiyo niliwazoesha hivi: kinasa sauti kikirudi kutoka kazini, kisifutwe mpaka mafaili yamenakiliwa kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja, na nakala zote zimesikilizwa. Mafaili ya asili yafungwe yasiweze kubadilishwa. Hariri nakala, na kila toleo lipe jina lake. Na msiwe wepesi kujua kipi ni uchafu. Anayejua ni yule atakayekuja kuuliza.

Sasa nimestaafu, naishi kwa kumshukuru Mungu. Kaseti ile imehamia kwenye simu. Ramadhani ikifika naisikia Ngamiani yote, na watu bado wananisifu. Hupita nikiwa nimeinamisha kichwa, na wanaoniona hudhani ni unyenyekevu.

Mwanaidi hakuacha kufundisha. Alikusanya wasichana kwenye ua wa nyumba yake, kimyakimya, mpaka ua ukajaa. Mwaka uliopita wanafunzi wake walihitimisha msahafu, akatuma mtu kuniita nikarekodi. Nilitaka kukataa kwa haya. Nikaenda.

Nikaweka kipaza sauti mbele yake. Amekuwa bibi sasa, miwani minene, sauti imepungua. Alisoma Bismillahi, akaanza aya ya kwanza, kisha kifua kikambana, akakohoa kwa muda mrefu, mpaka msichana mmoja akamletea maji. Akanywa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Fundi, hicho ukiache."

"Nitakiacha, dada yangu."

Akaendelea kusoma. Nimekiacha. Nakala moja iko kwake, moja kwa mwanafunzi wake wa Pangani, na moja ninayo mimi.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie sauti za uwapendao, akupe mkono mzito katika kufuta, na siku utakapomwambia mtu "nisamehe", akujaalie umkute hai.