Ukanda wa Ndege wa Siafu

Msitu ninaoukumbuka uko upande wa kushoto wa mto, kando ya barabara ya Ubundu. Ukivuka kwa pirogi na kupanda pikipiki, siku za mvua utafika umechoka na umejaa matope hadi magotini. Kwa kweli si msitu tena. Ni kipande kilichobaki baada ya mashamba ya mihogo kukizingira pande tatu. Upande wa nne kuna ukanda wa miti mikubwa unaofuata kijito hadi kwenye msitu wenyewe. Ukanda huo ulikuwa mali ya mtu mmoja niliyemwita papa, yaani baba, naye alikuwa ametangaza kwamba wiki ileile angeukata achome makala, yaani mkaa wa kuuza.

Nilikuwa nimekuja kumwomba asiukate.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili pale, kwa ajili ya kazi ya kuhitimu masomo ya biolojia. Nilimfuatilia ndege mmoja mdogo, mwenye mgongo wa kahawia iliyoiva, tumbo la kijivu-jeupe, na mstari wa rangi ya chungwa utosini ambao huusimamisha akiudhika. Vitabu vina jina lake la Kilatini. Mzee aliyeniongoza, niliyemwita tonton, yaani mjomba, shemeji yake papa na mtegaji wa zamani, alimwita ndege wa siafu, nami nilikiri kwamba jina lake lilieleza mengi zaidi. Siafu wanapotandaa juu ya majani makavu, panzi, mende na buibui hukimbia mbele yao. Ndege huyu hutua kwenye kijiti kilicho karibu na ardhi na kuwadaka wanaokimbia. Ndege huyu hawali siafu wenyewe. Lakini kundi moja la siafu haliwindi kila siku, kwa hiyo ndege hulazimika kujua makundi mengi, na makundi mengi huhitaji msitu mpana. Zaidi ya hayo, anaogopa mwanga. Sijawahi kumwona akikatiza hata njia ya pikipiki. Ukanda ule ukikatwa, ndege waliomo katika kile kipande wangebaki kama waliofungiwa chumbani pamoja na njaa.

Papa alikubali kunisikiliza siku ya Jumamosi, adhuhuri, nyumbani kwake, tukila. Nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni zuri: nimpelekee ndege akiwa hai. Nani atakikataa kitu kilichomo mkononi mwake, chenye moyo unaopiga? Asubuhi nilitandika nyavu mbili nyembamba ndani ya ukanda, chini kabisa, kwa sababu ndege huyu huruka chini. Hadi saa sita hatukupata kitu. Sheria ya kazi yetu ni fupi: wavu ulio wazi hukaguliwa kila nusu saa, usipoweza kurudi, unaukunja.

"Mademoiselle, tukunje," tonton alisema. "Kwa shemeji kula si mchezo."

"Tutarudi upesi, tonton. Pengine ataingia sasa hivi."

"Eeh. Weye ndiye ulisoma."

Tukaziacha wazi.

Kulikuwa na lituma ya ndizi zilizopondwa, samaki wa kuchoma na pondu, mboga ya majani ya mihogo. Nilieleza habari ya siafu na mwanga kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha, na kwa mshangao wangu papa hakubisha. Alimega donge la ndizi, akalichovya, akasema, "Bon. Ile kipande ya miti nitaiacha. Lakini nione huyo ndege. Mutu hawezi kulinda kitu hajaona."

"Nitamleta, papa."

"Kula kwanza."

Katika nyumba ile mgeni hainuki kabla mwenye nyumba hajamaliza kula na kunawa mikono. Akiinuka amekikataa chakula, pamoja na kila neno lililosemwa juu ya chakula hicho. Tonton alinieleza hivyo mwaka wa kwanza, na sasa alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni. Nusu saa ikapita. Papa alisimulia juu ya pikipiki aliyouziwa mjini, ambayo haikuwa na ekzosi. Nusu ya pili ikapita. Aliongezewa samaki. Mke wake alicheka, "Mutoto wa watu anaangalia mikono yako kama polisi."

"Mumuache," papa alisema. "Kule mujini, mu Makiso, wanakula wamesimama."

Nilicheka pia, kwa sababu nilipaswa kucheka. Neno nililolitaka lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwake, na neno hilohilo ndilo lililonibana juu ya kigoda. Niliwaza: nikiondoka, ukanda unapotea; nikikaa, nani anajua kilichomo wavuni? Nikakaa. Zaidi ya saa mbili zilipita kabla papa hajaomba maji ya kunawa.

Nilikimbia. Wavu wa kwanza ulikuwa mtupu. Kwenye wa pili, siafu walikuwa wamepanda kwa majani yaliyogusa ukingo wa chini, nami niliona kwanza weusi wao unaochemka, kisha mguu mwembamba uliotoka katikati yake. Mguuni kulikuwa na pete ya alumini ya utambulisho. Ndege huyo nilikuwa nimemvalisha pete mwenyewe mwaka uliotangulia, nikamwachilia huku nikijipongeza. Tonton aliwapangusa siafu kwa tawi, akaumwa, akatukana. Kilichobaki kiliweza kuingia katika kiganja kimoja.

"Tupa," alisema bila ukali. "Tutamuambia aliruka. Ndege inaruka, ni kazi yake. Papa alishasema neno."

Sitadai kwamba nilikataa papo hapo. Nilisimama nikihesabu faida: ukanda mzima kwa uongo mmoja mdogo, ambao haungemdhuru yeyote. Niliukunja wavu polepole kuliko ilivyohitajika. Ila nilikuwa nimeomba mtu aniamini kuhusu kiumbe asichokijua, na kama ningeanza kumdanganya pale, kila nilichomwambia mezani kingekuwa ujanja tu. Nikamtia ndege katika kifuko cha kitambaa, nikarudi.

Papa alikifungua kifuko, akatazama muda mrefu.

"Hii pete, ni nani alimuvalisha?"

"Ni mimi, papa."

"Na wavu?"

"Wavu ni wangu. Nilipaswa kuukunja kabla ya kuja kula. Tonton aliniambia, nikakataa."

Mke wake alipiga makofi mara moja. "Eh! Sisi wanatukataza mitego, na yeye anakuja na yake, ya plastiki!"

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Iko na mwenzake?" papa aliuliza.

Nilijua jibu lililohitajika. "Sijui," nikasema.

Alichukua panga lake, akatuashiria tumfuate hadi ukandani, mahali ambapo mihogo yake inakoma.

"Nilisema nitaacha juu ya ndege. Sasa ndege hakuna, donc neno limekufa nusu. Ile nusu ingine ninakuachia kwa sababu hukunidanganya. Simama pale kwa maji, utembee kuja kwangu. Nikisema basi, unasimama. Ya nyuma yako, ya ndege. Ya mbele, makala."

"Papa, sijui ndege anahitaji upana gani. Hakuna aliyepima."

"Mimi pia sijui. Tembea."

Nilianza kwenye maji ya kijito. Nilirefusha hatua kadiri miguu ilivyoweza, huku tonton akihesabu kwa sauti nyuma yangu kama mtu anayenisaidia kuiba. Miti mikubwa niliyoijua mmoja mmoja ilipita ubavuni, na kila mti nilioupita ulikuwa umeokoka. Mbele bado ilikuwa mingi.

"Basi!"

"Thelathini na mbili," tonton alisema.

Nusu ya ukanda ilibaki mbele yangu. Katika upana ule, mchana, jua lingeingia kutoka upande wa shamba hadi karibu na kijito, na ndege anayeogopa njia ya pikipiki angeamua mwenyewe kama anaweza kupita. Nilimwomba papa anipe hatua kumi zaidi, kisha tano. Alikuwa amekwisha kunifikia na kuinua panga, akipiga alama ya mpaka kwenye mti uliokuwa karibu na bega langu.