Korosho Nilizoepua Mapema

Mwaka ule nilikuwa na watoto wanne shuleni, na nyumba yetu ya Mikindani haikuwa na saa ya utulivu. Wakubwa wawili waliingia asubuhi, wadogo mchana, kwa hiyo uji niliupika mara mbili na mlango haukufungwa. Jumatatu shule ilitaka mafagio, Jumanne samadi. Binti wa kwanza, wa darasa la saba, hakudaiwa kitu. Yeye Jumatano na Alhamisi alikuwa na mtihani wa mwisho, na tuliambiwa wa kwenda sekondari watakuwa wachache mno.

Wiki hiyohiyo wifi yangu wa Magomeni ya hukuhuku kwetu alikuwa akimwoza bintiye. Akatuma mtu: anataka sinia mbili za korosho zilizobanguliwa, za kashata, na zimfikie Jumanne. Mume wangu alisema nikatae. Nikamuuliza nani atakayesemwa harusini, yeye au mimi. Akatafuta viatu vyake.

Korosho hukaangwa mpaka maganda yashike moto, mafuta yake yateketee. Yasipoteketea yanachuna ngozi. Hilo nalijua tangu utoto. Lakini Jumatatu ile nilikuwa nageuza korosho huku namtafutia mdogo kaptura, na mwenzake ananililia fagio. Nikaziepua mapema.

Binti aliporudi shule nikamkalisha kwenye jiwe. Akapaka mikono majivu, akabangua chache, akatazama vidole.

"Mama, hizi bado mbichi."

"Bangua. Shangazi yako hangoji."

Akabangua zote. Mimi nilikaa pembeni naambua ngozi za ndani, kazi isiyounguza.

Jumanne sinia zikaenda Magomeni. Vidole vya kulia vya binti vilikuwa vimejaa malengelenge, na kufika adhuhuri vilishachubuka. Nilimpaka mafuta ya nazi. Alipojaribu kuandika, kalamu ilimdondoka mara mbili. Nikamgombeza kwamba hakupaka majivu ya kutosha. Nilisema uongo, maana nilimwona akipaka.

Nikavaa baibui niende kwa mwalimu mkuu. Nikafika mlangoni, nikarudi, nikatoka tena. Ningemwambia nini?

"Usiende, mama," binti akasema. "Nitaandika kwa kushoto."

"Kushoto umejifunzia wapi?"

"Ndio mkono wangu. Nautumia ukiwa hupo."

Alipokuwa mdogo alikuwa akishika kwa kushoto kila kitu, hata tonge. Nikaufunga mkono ule kwa kitambaa, na akiufungua namchapa. Miaka yote nilijua nimemweza.

Nikamwambia aandike nimwone. Wakati ule sikujua kusoma, kisomo cha watu wazima kilikuwa hakijanifikia, kwa hiyo nikamwita nduguye. Akasoma bila kukwama jina la dada yake, la baba yao na la shule. Nikavua baibui.

Siku mbili za mtihani sikukaa kitako. Uwanja niliufagia mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini. Alhamisi binti alirudi akasema amemaliza maswali yote. Miezi baadaye tuliambiwa amechaguliwa, lakini Ijumaa tulipokwenda harusini hatukujua lolote, na mimi moyo ulikuwa juu.

Wifi alizisifu korosho, nyeupe, nzima. Tukakalishwa kwenye sinia ya pilau, wanawake sita. Binti mkono wa kulia umefungwa kitambaa, wa kushoto kaukalia. Wenzetu wakaanza kula, yeye anatazama mkeka. Nikafinyanga tonge nikampelekea mdomoni. Aliona haya, akala.

Wifi alikuwa akipita na birika. Akacheka: "Mwali mzima huyu, wifi, bado unamlisha?"

"Mkono nimemuunguza mimi," nikasema, "kwa korosho zako. Niliziepua mbichi, akaniambia, nikamlazimisha."

Binti akageuka kunitazama, maana tangu azaliwe hakuwahi kunisikia nikikiri kosa. Nikamwambia afunue mdomo, wali unapoa.