Miguu ya mzee ililowa ilhali mvua haikunyesha: nilivyotafuta tenti ya watu warefu

Wakuu, hamjambo.

Mimi hapa huwa msomaji tu, napita, nacheka na comments, naenda zangu. Leo nina yangu. Sitatia chumvi, kwa sababu mhusika mkuu ni baba yangu na siku hizi ana simu.

Kwetu ni Kabuchai, Bungoma, lakini kazi iko Kitale. Urefu wangu ni futi sita na inchi tano. Mzee amenikaribia, ni vile tu miaka imemkunja kidogo.

Akiwa kijana, mzee alifanya kibarua cha kusafisha njia za msitu Mlima Elgon. Tangu tumzike mama, amekuwa akiongea sana kuhusu huko juu. Mahali miti inaisha nyasi zinaanza. Mahali maji ya moto yanatoka ardhini. Siku moja tukinywa chai akaniuliza, "Wafula, unaweza kunipeleka nikaone tena mara moja?"

Mtu hawezi kukataa swali kama hilo. Daktari akampima, akasema moyo uko sawa, aende polepole tu.

Tukaenda January, kiangazi kabisa. Tenti niliazima kwa mwenzangu wa kazi. Imeandikwa ya watu wawili, urefu sentimita mia mbili na kumi. Nikapiga hesabu, nikaona inatutosha na nafasi inabaki.

Asubuhi ya kwanza huko juu mzee aliamka akitetemeka. Sleeping bag yake ilikuwa imelowa upande wa miguu, chapa chapa. Vidole vya miguu vimekuwa baridi hadi havisikii nikivifinya. Na nje hakujanyesha hata tone. Nyasi zilikuwa na barafu nyeupe, anga safi.

Nikamsugua miguu, guide wetu akamchemshia uji. Alipopata nguvu akavaa viatu, akaangalia mlima muda mrefu, kisha akasema, "Turudi. Mimi nimezeeka, bana."

Tulishuka, mzee mbele, mabega chini. Wakuu, sijawahi kuona baba yangu akitembea hivyo.

Lakini kuna kitu kilinisumbua. Kuzeeka hakulowanishi sleeping bag. Sasa yale maji yalitoka wapi?

Nikaanza uchunguzi. Jumamosi moja nikasimamisha ile tenti nyuma ya nyumba, nikatandika mattress yangu ya kukunja, nikalala ndani mchana kweupe. Majirani walidhani nimefukuzwa na mke. Yeye mwenyewe alikuwa nje anapiga picha.

Jibu lilikuwa wazi hata kabla sijafunga zip. Zile sentimita mia mbili na kumi ni za chini, za sakafu. Ukuta umelala kama paa, na mattress inakuinua zaidi. Kwa hivyo kichwa kinagusa huku na miguu inasukuma kule. Kitambaa cha ndani kinashikana na cha nje.

Pumzi yetu watu wawili ilikuwa inapanda, inapata kitambaa baridi, inageuka maji, na pale miguu inaposukuma yanapenya hadi kwenye sleeping bag. Na mimi nilikuwa nimefunga kila tundu ili mzee asisikie baridi. Yaani nilimlowanisha nikifikiri namtunza. Hiyo iliniuma.

Mwenye tenti aliponikubalia, nikaipeleka kwa Mama Njeri. Huyu ni fundi wa maturubai ya lori hapa Kitale, familia yake ilikuja kutoka Central, upande wa Mlima Kenya, zamani wakakaa. Nilimuuliza kama anaweza kuiongeza urefu.

Akazungusha kitambaa mkononi, akacheka. "Wewe kijana, nikiongeza nguo, hizi poles nitaziongeza na nini? Tenti inafuata mifupa yake. Tafuta yenye mifupa mirefu."

Basi nikazunguka mitumba ya Kitale na ya Bungoma town wiki kadhaa. Nikiona tenti naomba ifunguliwe, nalala ndani hapo hapo sokoni, na mattress yangu kwapani. Watu walinizoea.

Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa ndefu kweli. Nikaipeleka kwa Mama Njeri kabla sijakubaliana bei na muuzaji. Hata hakuikunjua yote. Aliinusa tu.

"Hii ilifungwa ikiwa imelowa," akasema. "Shika hapa ndani." Nikashika, ikanata kwa vidole kama asali. Akaniambia ile rangi ya kuzuia maji ikishaanza kunata, huna tenti tena, una chandarua.

Ya pili ilikuwa sawa. Sakafu inapita urefu wangu kwa zaidi ya sentimita thelathini, kuta zimesimama wima upande wa kichwa na wa miguu, na kitambaa cha nje kinashuka karibu kugusa chini. Juu ina madirisha mawili ya hewa. Nikainunua, Mama Njeri akapaka gundi ya silicone kwenye mishono, nikaiacha ikauke.

Kumshawishi mzee ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa ameshakata shauri kwamba mlima umemkataa. Nikamwambia alale ndani nyumbani tu, kwa uwanja, mchana. Akalala. Akanyoosha miguu, akasukuma, hakufika mwisho. Akatoka, akaizunguka mara mbili, akaniuliza, "Hii tunaijaribu lini?"

Tulienda October, mvua bado ziko. Ndiyo, najua, lakini hangengoja tena. Tulisimamisha tenti kwa mwinuko kidogo, si kwa bonde, na madirisha nikayaacha wazi ingawa roho ilikataa. Mvua ilishuka mchana wote wa kwanza. Tulikaa ndani tukicheza draft, tumenyoosha miguu, pakavu.

Siku ya pili asubuhi tulifika kwa maji ya moto. Mzee alivua viatu, akaweka miguu ndani, akaanza kumwita mama kwa jina lake la usichana, akimwelezea anachoona. Mimi nilienda kukaa mbali kidogo.

Sasa vile naitunza, kwa wenye wanataka kujua: tukirudi naianika kivulini mpaka mishono ikauke, jua kali linakula kitambaa. Matope naosha na sponji na sabuni ya mche kidogo, sio ya unga. Zip napiga mswaki kutoa mchanga. Halafu naiweka kwa gunia bila kuibana, mbali na stoo ya mahindi, kwa sababu panya hawachagui.

Funzo langu ni hili. Usiamini namba iliyoandikwa kwa mfuko, lala ndani kwanza. Na kabla hujakubali mzazi wako akisema amezeeka, angalia vizuri ni wapi ulimlaza.

Warefu wenzangu, nyinyi mnalala ndani ya tenti gani huko milimani? Na kuna mtu amewahi kutumia zile tenti nzito za theluji hapa kwetu, zinafaa ama ni mzigo tu? Mzee anauliza pia. Ameanza kutaja milima ya Cherangany.